Wenye mgodi ni jirani zangu

Kule nyumbani Ibinzamata, mjini Shinyanga, nahesabika mtu mzito. Si kwa fedha, hilo walishalikatia tamaa. Ni kwa sababu naishi Toronto, na Toronto ndiko yaliko makao makuu ya Barrick, kampuni yenye mgodi wa Bulyanhulu. Ofisi zake ziko kwenye ghorofa refu, namba 161 Bay Street, na mimi hupita chini yake nikienda kazini. Nililitaja jambo hilo kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwa mzaha tu. Tangu hapo lolote linalohusu dhahabu, kuanzia Kakola, pale mgodini, hadi Nyarugusu ya Geita, naulizwa mimi. Ajira zinatoka lini? Fidia mbona kimya? Ni kweli wanataka kufunga? "Si unapishana nao hapo, kaka? Waulize tu."

Napishana nao, sikatai. Napishana na vijana wa suti za kijivu, kikombe cha kahawa mkono huu na simu mkono ule, ambao nikiwasimamisha kuwauliza fidia ya mtu wa Kakola wataita mlinzi. Na huyo mlinzi, kwa jinsi kazi za Toronto zilivyogawanyika, huenda akawa Mwafrika mwenzangu. Wakubwa wenyewe hawapiti kwa miguu. Gari linawaingiza chini ya jengo, lifti inawapandisha.

Ndugu zetu wa Geita hawana usumbufu huu, maana wenye mgodi wao hawatulii. AngloGold Ashanti tuliizoea kuwa ya Johannesburg. Mwaka 2023 ikahamishia usajili wake Uingereza, hisa zake zikaanza kuuzwa kwanza New York, na makao makuu yakaenda Denver, Marekani. Kama kuna mtu wa Geita mwenye ndugu Denver, ndugu huyo na ajiandae.

Riziki yangu ni ukalimani. Hospitali, mahakama na ofisi za uhamiaji huniita anapotokea mtu asiyejua lugha nyingine ya kumfaa zaidi ya Kiswahili, na Kiswahili cha Toronto kwa sehemu kubwa ni cha Wakongo na Warundi. Wengi wamepitia Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ya Kasulu, si Nyarugusu ya Geita yenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Kazi hiyo imewahi kunifikisha kwenye kituo cha moyo cha hospitali kubwa ya mjini, chenye jina la Peter Munk. Munk alizaliwa Hungary, akakimbia na familia yake wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, akaanzisha Barrick mwaka 1983 na kufariki mwaka 2018. Chuo Kikuu cha Toronto nacho kina taasisi nzima ya mambo ya kimataifa inayobeba jina lake. Mgonjwa niliyekuwa namkalimania hakumjua Munk wala hakuwa na haja ya kumjua. Alitaka kujua kama moyo utatengamaa. Mimi ndiye niliyekaa nalitazama jina lile ukutani, nikimwaza mjomba wangu aliyechimba Bulyanhulu kabla ya mwaka 1996, wakati wachimbaji wadogo hawajaondolewa kupisha kampuni. Nilitaka kumpigia picha nimtumie. Nikaacha. Angeniuliza kama mtu wa Kakola akiugua moyo naye anapokelewa pale.

Wakati mzito kuliko wote kwangu ulikuwa ule wa makinikia. Machi 2017 Rais John Magufuli alizuia mchanga huo wenye madini kusafirishwa nje, na makontena 277 yakakwama bandari ya Dar es Salaam. Mei 24 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasoma ripoti yake Ikulu, na Juni 12 ikafuata ya Profesa Nehemiah Osoro. Dar ikiwa saa nne asubuhi, Toronto ni saa tisa usiku. Nilizitazama zote mbili kwenye simu nikiwa nimejifunika blanketi, huku mke wangu akiniuliza kama hao maprofesa wananilipa.

Kesho yake nilinunua gazeti la Toronto nione wenzetu wamelipokeaje. Habari ilikuwepo, ndani kabisa, kurasa za biashara. Ilihusu hisa za Acacia, kampuni tanzu ya Barrick yenye makao London, ambazo zilikuwa zimeporomoka. Wachambuzi walinukuliwa, na walikuwa na huzuni. Nilisoma hadi mwisho nikitafuta jina la Kahama, uliko mgodi wenyewe. Tanzania ilitajwa, "serikali" ikatajwa, "hatari kwa wawekezaji" ikatajwa zaidi ya vyote. Mahali penyewe hapakuwepo. Ungesoma habari ile ukadhani dhahabu inachimbwa kutoka ndani ya kontena.

Haya, na magazeti ya nyumbani je? Huko Kahama ilikuwepo, lakini kampuni ndiyo haikuwa na sura. Ilikuwa "mabeberu", ikawa "wezi", hadi Juni 14 sura ilipopatikana: John Thornton, mwenyekiti wa Barrick, alitua na kuketi na Rais Ikulu. Kundi la ukoo lililipuka. "Bosi wako amekuja!" Shangazi alitaka kujua kama amebeba mzigo wowote kutoka kwangu.

Mwezi uliofuata Acacia ikapelekewa hesabu ya kodi, faini na riba: dola bilioni 190. Hizo zilikuwa zaidi ya mara tatu ya pato zima la taifa kwa mwaka huo. Bay Street waliona ni kichekesho. Watanzania mitandaoni nao walicheka, ila kwa namna nyingine: wakaanza kugawana, kila mtu gari lake la Noah. Mama yangu aliuliza kama Noah hiyo inaweza kupita njia ya mashambani wakati wa masika. Kama haiwezi, yeye apewe ng'ombe.

Oktoba ikatangazwa kwamba Barrick itatoa dola milioni 300, nyumbani wakaziita kishika uchumba. Uchumba wenyewe ukavuta. Acacia ikanunuliwa yote na mzazi wake mwaka 2019, na Januari 2020 ndipo mkataba ukatiwa saini, ikazaliwa Twiga, kampuni ambayo serikali ina asilimia 16. Siku hiyo sikuulizwa chochote na mtu wa nyumbani. Niliwapigia mwenyewe. Dada akanijibu kuwa mvua imezidi, mazao yameoza shambani, na je, ile dawa ya presha ya mama nimeituma?

Sisemi kwamba magazeti yanadanganya. Nimesoma ya huku na ya kule kwa muda wa kutosha kujua kwamba mengi yaliyoandikwa ni kweli. Tatizo langu ni kipimo. Habari ikitoka Kahama kwenda Toronto, watu hupunguzwa njiani kama mzigo uliozidi kilo, na inayofika ni wakia na dola.

Chukua habari ya Nyangalata. Oktoba 5, 2015, duara la wachimbaji wadogo lilititia huko Nyangalata, Kahama, likafukia watu. Walitafutwa, wakakosekana, watu wakaanza kukubali kwamba wameshakufa. Novemba 15, siku ya 41, watano wakatolewa wakiwa hai. Mwenzao wa sita alikuwa amefia chini. Walikuwa wameishi kwa kula mizizi, mende na vyura na kukinga maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye mwamba. Walipoingia shimoni rais alikuwa Jakaya Kikwete. Walipotoka alikuwa John Magufuli, aliyeapishwa siku kumi kabla. Sijui kama kuna binadamu wengine waliokosa uchaguzi mkuu kwa sababu nzito namna hiyo. Huku Kanada nako, katika siku zilezile 41, Stephen Harper alishindwa uchaguzi na Justin Trudeau akaapishwa, Novemba 4, siku moja kabla ya wetu.

Sasa sikiliza. Novemba 13, 2015, siku mbili kabla ya watu wa Nyangalata kutolewa, filamu iitwayo The 33 ilianza kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Inahusu wachimbaji 33 wa Chile waliokaa chini ya ardhi siku 69 mwaka 2010, na Antonio Banderas ndiye nyota wake. Tangazo lake lilikuwa likipita kwenye runinga kila jioni: vumbi, machozi, muziki, kofia ngumu. Na ilikuwa ni haki yao Wachile, kwa kweli walipata mateso. Lakini nakumbuka nilivyokaa Jumatatu, kesho yake baada ya watu wa Nyangalata kutolewa, simu mkononi ikinionyesha wanaume watano waliokonda wakiwa wamefumba macho wasiumizwe na jua la Kahama, na kwenye runinga mbele yangu Banderas akipanda kutoka shimoni akiwa na meno meupe. Habari ya Nyangalata ilipita kwenye vyombo vya habari vya dunia kwa siku moja, mbili, hasa kwa sababu ya wale mende. Haikuwa na kamera iliyosubiri juu ya shimo, wala kapsuli ya chuma ya kuwapandisha mmoja mmoja, wala rais wa nchi akiwakumbatia mdomoni mwa mgodi. Waliookolewa waliokolewa na wachimbaji wenzao, kwa mikono na sururu.

Agosti 2025, Nyandolwa, mkoa huohuo wa Shinyanga, watu 25 walifukiwa tena. Kazini kwangu hakuna aliyesikia.

Wanachokisikia kuhusu kwetu ni kingine. Ukimwambia mtu wa huku kwamba unatoka Shinyanga, atakwenda kutafuta kwenye simu, na kesho yake atakuja akiwa ametahayari, hajui aanzie wapi. Ameshasoma kuhusu mauaji ya watu wenye ualbino. Hili sina mzaha nalo. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu waliwindwa kwetu, watoto walikatwa viungo, na Shinyanga, Geita na Mwanza ndiko jina lilikochafukia zaidi. Shule ya Buhangija mjini kwetu ikageuka kimbilio la watoto ambao wazazi wao waliogopa kulala nao nyumba moja. Shirika la Under The Same Sun, lililosimama kidete katika suala hilo, lilianzishwa mwaka 2008 na Mkanada, Peter Ash, ambaye mwenyewe ana ualbino. Kwa hiyo Mkanada anapoijua Shinyanga kwa jambo hilo, amelijua kwa njia ya halali, na mimi sina cha kumjibu ila kukubali.

Ninachokataa ni pale anapomaliza kusikitika akaniuliza, kwa sauti ya daktari, mbona viongozi wa Afrika wako vile. Nilipewa swali hilo mwezi Novemba 2013. Wiki ileile meya wa Toronto, Rob Ford, alikuwa amesimama mbele ya waandishi wa habari akakiri kwamba amewahi kuvuta kokeini, na akaeleza kuwa huenda ilikuwa siku ambayo alikuwa amelewa chakari. Aliendelea kuwa meya. Nilimjibu yule bwana kwamba kuhusu viongozi wa Afrika sina taarifa za kutosha, naishi Toronto.

Ili nielewane na nchi hii ilinibidi niende kaskazini. Timmins iko karibu kilomita 700 kutoka Toronto, misonobari mwanzo hadi mwisho. Dhahabu iligunduliwa pale mwaka 1909, ikazuka rashi ya watu kutoka kila pembe, na mgodi wa Hollinger ukachimbwa hadi mwaka 1968. Februari 1928 moto uliwaka chini ya ardhi ukaua watu 39. Miaka mingi baadaye kampuni ya Goldcorp ilirudi na kufungua shimo la wazi palepale, mjini, ikazungushia tuta kubwa la udongo kuzuia kelele na vumbi.

Nilipofika nilijiona nimefika nyumbani, tofauti ni theluji tu. Mwenye nyumba niliyofikia alinionyesha ufa juu ya dirisha la jikoni. Ni baruti hiyo, akasema. Mumewe akasema hapana, ni msingi umesukumwa na barafu. Ubishi huo ulionekana wa siku nyingi, na kila mmoja aliuendesha bila kumwangalia mwenzake. Watu wa mtaa wa Katoma, Geita, wana malalamiko yaleyale ya miaka mingi kuhusu nyufa na baruti. Ila kule hakuna barafu ya kusingizia. Nilikwenda baa, nikakuta wazee wanazungumzia bei ya wakia, nani ana kesi na nani, mtoto wa fulani aliyepata kazi mgodini kwa mjomba wake, na jinsi watu wa Toronto wanavyokula fedha za kaskazini na kuwaachia mashimo. Badilisha bia uweke maji ya kandoro, uko Katoro, Geita.

Nikawasimulia habari za magwangala. Kwa asiyejua: magwangala ni mawe ya mabaki yanayotupwa na mgodi mkubwa wa Geita, ambayo kwa kampuni hayana faida kuyachenjua, lakini kwa mwananchi mwenye nyundo na muda yanaweza kuwa na chembe mbili tatu. Watu waliyadai miaka nenda rudi, ikawa ahadi ya majukwaani, ikawa kero ya kuwasilishwa kwa kila mkuu aliyepita, kwamba kama ni takataka basi tupewe takataka zetu. Wazee wa Timmins walinisikiliza kwa makini ambayo sijawahi kuyapata Bay Street. Mmoja akaniuliza, "Kwa nini wasiwape?" Akasubiri jibu kweli.

Kuna habari nyingine niliyoisoma nikadhani mhariri amekosea, ameweka picha za Kanada kwenye habari ya Maganzo, kwetu Shinyanga. Kule kaskazini kabisa mwa jimbo hili la Ontario kuna jamii ya wenyeji asilia iitwayo Attawapiskat. Mwaka 2008 De Beers walifungua mgodi wa almasi wa Victor, kiasi cha kilomita 90 kutoka kijijini hapo. Mwaka 2011 chifu wa kijiji, Theresa Spence, alitangaza hali ya dharura kwa sababu watu wake walikuwa wanalala kwenye mahema na vibanda, familia nzima chumba kimoja, baridi ikiwa ile ya kuvunja chuma. Mwaka 2013 baadhi ya wanakijiji wakafunga barabara ya barafu inayokwenda mgodini. De Beers haohao ndio walioushika Mwadui, mgodi wa almasi wa kwetu, kuanzia mwaka 1994, hadi Petra Diamonds walipouchukua mwaka 2009. Mtu wa Maganzo, ambaye anaishi nje ya geti la Mwadui na anajua kwa jina kila lori linaloingia, angesoma habari ya Attawapiskat asihitaji mkalimani. Angeuliza tu barabara ya barafu inajengwaje.

Timmins hukohuko nilikutana na mzee aliyenishangaza kwa kunisalimia "Mwangaluka" saa kumi na mbili jioni. Salamu ya asubuhi, lakini ya kwetu. Mstaafu, fundi wa mitambo ya chini, aliwahi kufanya kazi Bulyanhulu kwa zamu: wiki kadhaa ndani, wiki kadhaa nyumbani. Alikuwa na Kiswahili cha kazi, amri nyingi na shukrani, hakuna wakati uliopita. Nikamwuliza Shinyanga mjini alipaonaje. Hakuwahi kufika. Kahama alipita akiwa kwenye basi la kampuni, pazia limefungwa kwa sababu ya vumbi. Ndege ilimshusha, geti likafunguka, geti likafungwa, na chakula cha kantini kilikuwa kizuri kuliko cha mkewe. Kwa miaka yote hiyo Tanzania yake ilikuwa ndani ya uzio, na madirisha ya uzio huo yalikuwa magazeti ya Kiingereza ya Dar es Salaam yaliyofika yakiwa yamechelewa siku mbili.

Aliyasoma yote, tangazo kwa tangazo, hakukuwa na jambo jingine la kufanya usiku. Na alikuwa na hoja yake. "Mzee," akaniambia, ingawa yeye ndiye mwenye mvi, "kila ukurasa wa gazeti lenu kuna mtu ameagiza. Waziri ameagiza, mkuu wa mkoa ameagiza, mkuu wa wilaya ameagiza. Mimi nilikuwa nasubiri siku moja niandikiwe kwamba lile lililoagizwa limefanyika."

Nilicheka hadi nikaona aibu, maana ni kweli, na inauma kusikia kweli kama hiyo kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kununua hata ndizi Kahama. Nikamkumbusha kwamba si Wakanada wote waliokwenda kwetu walikaa ndani ya uzio kwa zamu. John Williamson, mzaliwa wa Quebec, msomi wa jiolojia wa McGill, aliivumbua almasi ya Mwadui mwaka 1940 na akakaa hapohapo hadi alipofariki Januari 1958. Almasi ya waridi iliyookotwa mwaka 1947 alimpa Binti Mfalme Elizabeth kuwa zawadi ya arusi. Ilikuwa na karati 54.5, ikachongwa ikabaki 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya ua la bruchi. Malkia aliivaa hata kwenye arusi ya mwanawe Charles mwaka 1981. Mzee akauliza Washinyanga walipata nini kwenye arusi hiyo. Nikamwambia tuliiona kwenye picha.

Ila kuhusu hoja yake ya maagizo, miaka imenipa jibu ambalo siku ile sikuwa nalo. Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo-Busisi, kilomita tatu juu ya maji ya Ziwa Victoria, lenye jina la Magufuli. Anayetoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita sasa anavuka kwa dakika chache pale alipokuwa akisubiri kivuko, wakati mwingine na mgonjwa ndani ya gari. Ujenzi ulianza mwaka 2020. Mdogo wangu alinitumia video akivuka, kichwa nje ya dirisha, anapiga kelele. Niliitazama nikiwa kwenye basi, limekwama kwenye foleni ya barabara ya Eglinton, kando ya reli ya mjini yenye kilomita 19 iliyoanza kujengwa mwaka 2011 na iliyopaswa kukamilika mwaka 2020. Siku lile daraja linazinduliwa, reli hii ilikuwa bado haijabeba abiria hata mmoja. Magazeti ya Toronto hayakuandika kwamba mtu ameagiza. Yaliandika kwamba ripoti imeombwa.

Huyo mdogo wangu ndiye mwekezaji wa familia. Ana asilimia zake kwenye duara moja Mwakitolyo. Viroba vikipanda juu vinagawanywa: mwenye leseni, mwenye shamba, mwenye duara, wachimbaji, mwenye karasha, na kuna wakati na mganga naye ana fungu. Mwaka 2025 wakia ya dhahabu ilipovuka dola 4,000 kwenye soko la dunia, alinipigia usiku wa manane wa kwangu akitaka uhakika. Bei itapanda tena au itashuka? Mimi si niko kwa wenyewe?

Nikamweleza kwamba wenyewe nao wanabahatisha. Kila Machi hapa Toronto hufanyika mkutano mkubwa wa watafutaji madini, maelfu kwa maelfu ya watu kutoka dunia nzima, na humo kuna kampuni ndogondogo ambazo mali yao yote ni ramani ya rangi na shimo ambalo halijachimbwa. Nikamsimulia habari ya Bre-X, kampuni ya Calgary iliyotangaza kwamba imepata mlima wa dhahabu Busang, Indonesia. Hisa zake zikafika thamani ya zaidi ya dola bilioni sita za Kanada, hata mfuko wa pensheni za walimu ukawekeza humo, Barrick yenyewe ikahangaika ipate sehemu. Mwaka 1997 ikagundulika kwamba kuna mtu alikuwa akinyunyizia dhahabu kwenye sampuli. Mlimani hamkuwa na kitu.

Alinyamaza kidogo. "Na huyo mganga wao walimlipa shilingi ngapi?"

Nikasema hawakutumia mganga, walitumia wanajiolojia. Akaguna, akabadilisha mazungumzo: anahitaji detekta, ile ya Minelab ambayo wenzake wa Geita wanatembea nayo kwenye mashamba, nimwangalizie bei ya huku. Nilimwangalizia nikamtajia. Safari hii alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Kaka," akasema, "hapo Toronto hawana magwangala?"

Nimemwambia nitauliza Timmins.